Msilaumu pilau, ulizeni nani kanunua mchele

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita mlichapa barua ya msomaji mmoja aliyetusema sana sisi wapiga kura. Kwa maneno yake, nchi hii inauzwa kwa sahani ya pilau, na anayekula pilau ya mgombea asije akalalamika barabara ya mtaani kwake ikikaa na mashimo miaka mitano. Barua imekaa vizuri, na aliyeiandika anaonekana amesoma. Nimeona nimjibu kwa sababu pilau anayoisema, kama aliila Tanga, huenda niliipika mimi.

Mimi ni mpishi wa shughuli, naishi Ngamiani. Nina miaka 66. Nimepika harusi, hitima, maulidi na arobaini za watu ambao sasa hata makaburi yao yameota majani. Na tangu mwaka 1995 napika kampeni. Vyumba viwili vya uani kwangu, pamoja na choo, vimetoka kwenye kampeni, bati kwa bati, kwa hiyo msinisome kama malaika. Msimu wa fomu umepita juzi, sasa tumeingia msimu wa sufuria, na simu yangu imeanza kulia.

Nimweleze ndugu yetu jambo ambalo huwezi kuliona ukiwa umekaa mkekani unasubiri sinia. Ukitaka kujua mgombea ana nguvu za nani, usiende uwanja wa Tangamano kuhesabu vichwa. Njoo jikoni. Mtu anayetumia fedha yake mwenyewe hupatana. Atauliza kitunguu kilo bei gani, atasema mama nyama tia ya mifupa kidogo, mchele changanya, nusu wa Mombo nusu mapembe, na mafuta atakwenda kununua mwenyewe sokoni ili nisije nikamzidishia dumu. Huyo ananichosha lakini nampenda, kwa sababu najua anatoa mfukoni mwake na akishindwa atazililia. Yupo mwalimu mmoja mstaafu alikuja kwangu mwaka 2000 na kuku sita na mchele kilo 15, wa shamba lake, akaniomba niwapikie wajumbe. Nikapika kwa moyo mmoja. Alishindwa vibaya, na siku ya pili akaja kuchukua magunia yake matupu.

Asiyepatana ndiye wa kumwogopa. Nikisema laki nane, sawa mama. Nikisema laki tisa, sawa mama. Siku moja nilimjaribu mmoja, Mungu anisamehe, nikatia kwenye hesabu mbuzi wanne ambao sikuwa na nia ya kuwanunua. Kijana akafungua begi, akahesabu, akaondoka, karatasi ya hesabu kaiacha juu ya kinu. Hakuna mtu anayemwaga fedha yake namna ile. Fedha ile ina mwenyewe, na mwenyewe hayupo jikoni.

Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, kazi hii tulikuwa tunaifanya kwa kujificha. Kulisha wapiga kura kulihesabiwa rushwa, kwa hiyo tuliambiwa tukiulizwa tuseme ni hitima. Hitima ya nani? Ya babu yake mgombea. Basi tulimsomea yule babu hitima tatu ndani ya mwezi mmoja. Ya tatu, sheikh aliyeletwa kusoma alimvuta mwenye shughuli pembeni akamuuliza kama marehemu aliacha madeni, maana hajawahi kuona roho inayoombewa hivi. Na mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikuwa akiuliza hadharani: anayemwaga fedha ili aingie Ikulu kazipata wapi, na kama kakopa, atazirudishaje? Tulimsikia redioni tukiwa jikoni. Tukatazamana, tukaendelea kumenya vitunguu saumu.

Mwaka 2000 Bunge likabadilisha sheria ya uchaguzi na kuruhusu kitu kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa asili wa mgombea kwa wapiga kura. Hitima zikaisha, babu wa watu akapumzika, nami nikaanza kuandika risiti.

Lakini neno lile liliniuma, na linaniuma mpaka leo. Kwetu pwani kumkirimu mgeni ni jambo la heshima. Mtu kabisha hodi, unampa ulichonacho, na kesho ukikutana naye njiani humtajii. Ukimtajia, hiyo si takrima tena, hayo ni masimango, na chakula cha masimango heri ulale na njaa. Waheshimiwa wakalichukua neno la mgeni wakalipeleka mnadani. Aprili 2006 Mahakama Kuu iliwanyang'anya, baada ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, pamoja na LEAT na NOLA, mashirika ya wanasheria, kufungua kesi. Majaji waliona takrima inambagua mgombea asiye na kitu mbele ya mwenye nacho. Mwalimu wangu wa kuku sita angewaambia hivyo bure, miaka sita kabla.

Ila kabla haijafutwa, nilishuhudia jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo.

Ilikuwa mwaka 2005. Niliitwa kupika kwenye nyumba moja kule Raskazone, jioni, watu kama mia sita uani na nje kwenye mahema. Mchele kilo 80, wa Kyela mtupu, punje ndefu inayonukia kabla hujaiosha. Ng'ombe mmoja mzima. Nilikaanga vitunguu tangu adhuhuri mpaka vikawa rangi ya kahawa, maana rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu, anayetia rangi ya dukani hajui kazi. Iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, bizari nyembamba, vyote nimevitwanga kwa mkono. Saa moja magharibi nimekwisha palia makaa juu ya mifuniko, mpwa wangu anapanga masinia, mgombea yuko pale na suti yake ya rangi ya maziwa, anashika mikono ya wazee, anaitwa mheshimiwa na bado hajachaguliwa.

Likaingia gari, si la fahari. Akashuka mtu mfupi, shati la mikono mifupi, miguuni kandambili. Simu kaibana kati ya sikio na bega, anazungumza habari za kokoto, tani ngapi, lori ngapi. Watu hawakumshangilia, nusu yao hawakumjua. Akakaa kwenye mkeka wa ndani, kule wanakokaa wazee. Mpwa wangu akamwendea na birika na beseni amnawishe. Na hapo mgombea akanyanyuka. Akamtoa yule mtoto birika mkononi, akatupia taulo begani juu ya ile suti, akapiga goti moja, akammiminia maji.

Wewe Mhariri kama si mtu wa pwani nikueleze. Kunawisha ni kazi ya mtoto wa nyumba, au ya bwana harusi mbele ya wakwe. Mtu mzima hamnawishi mtu mzima mbele za watu ila kuna jambo. Na yule wa kandambili hakusema ahsante, hakuinua uso. Aliendelea na kokoto zake, akageuza kiganja huku, akageuza kule, akakung'uta maji, akala matonge matatu. Kisha, simu imekatika, akaniita. "Mama, mchele kilo ngapi umeingia?" Nikamwambia 80. Akamgeukia kijana aliyefuatana naye: "Andika."

Mgombea hakuwahi kuniuliza kilo. Wapambe wake hawakuwahi kuniuliza. Alikuwa mtu mmoja tu usiku ule anayetaka kujua kilo, na ndiye aliyenawishwa. Nikarudi kwenye sufuria zangu nikijua mchele ni wa nani, na kwa hiyo na kiti ni cha nani.

Mheshimiwa alishinda. Mwaka uliofuata nikapata oda nyingine kutoka kwa mtu yuleyule wa kandambili, safari hii karamu ya kushukuru tenda. Mheshimiwa alikuja amechelewa, akakosa nafasi mbele, akakaa karibu na mlango kwenye viatu. Sisemi walifanya nini na nani, mimi ni mpishi, sikai kwenye vikao. Nasema nilichoona nikiwa na upawa mkononi.

Sasa ndugu mwandishi, katika watu mia sita waliokula usiku ule, wewe umewaona hao mia sita. Yule mmoja hukumwona. Hata vyombo vya dola havimwoni, na hilo nalisema kwa maumivu ya sufuria yangu.

Maana mwaka 2010 ilitungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, Rais Kikwete akaisaini mwezi Machi, na tukaambiwa mambo ya kulishana yamekwisha. Haukupita muda mrefu, kampeni moja hivi, wakanijia vijana wawili wa ofisi fulani ya serikali na gari lao. Wapole, nisiwasingizie. Walikuta pilau iko jikoni, wakaipiga picha. Wakapima mchele uliobaki. Wakaandika jina langu, umri wangu, mtaa wangu, jina la mume wangu marehemu. Wakaniuliza nani kaagiza. Nikasema kijana wa pikipiki. Nani kalipa? Nikasema, wanangu, hilo ndilo swali, na mkilijibu mje mniambie. Wakaandika "hajui". Wakachukua sufuria langu kubwa, la kilo 40, kuwa kielelezo.

Likakaa huko miezi mitano. Miezi mitano naazima masufuria ya watu kwa kodi. Kesi haikusikika, na siku niliyoitwa kulichukua lilikuwa limeandikwa namba ubavuni kwa rangi nyekundu, namba ya jalada. Nimeisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa steel wire, haitoki. Mpaka leo nalipikia hivyohivyo. Watu kwenye shughuli wananiuliza namba ya nini, nawaambia ya simu.

Sheria ikaja kukamata pilau, ikakamata sufuria. Na wakati huohuo fedha za kweli hazipiti kwenye sufuria kabisa. Mnakumbuka akaunti ya EPA, ile ya kulipia madeni ya nje, pale Benki Kuu. Katika mwaka wa fedha 2005/06 zilichotwa Sh133 bilioni, zikalipwa kwa kampuni 22. Mwaka 2005 sahani yangu ya pilau, na nyama na kachumbari na ndizi moja, niliuza Sh1,000. Sensa ya 2002 ilituhesabu milioni 34 na ushei. Nilikaa nikapiga hesabu nyuma ya daftari: zile fedha zingempa kila Mtanzania, na mchanga aliyezaliwa jana, karibu sahani nne. Mimi katika maisha yangu yote ya kampeni sijafikisha sahani laki mbili. Na mwaka 2008 waziri mmoja alipoulizwa kuhusu dola milioni moja zilizokutwa kwenye akaunti kisiwani Jersey, alisema ni vijisenti. Kumbe! Halafu anayeitwa mwizi wa demokrasia ni bibi wa Mabawa aliyebeba ukoko kwenye mfuko wa rambo kuwapelekea wajukuu.

Wazee wenzangu mtakumbuka kulikuwa na wakati nchi hii ilijaribu kuziba tundu la juu badala ya la chini. Azimio la Arusha, Februari 1967, liliweka masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Nilikuwa mtoto wa miaka minane. Tulipanga chumba Barabara ya Tisa, na mwenye nyumba alikuwa kiongozi. Unajua alifanya nini? Nyumba akaiandikisha kwa jina la mwanawe. Mtoto huyo alikuwa na miaka saba, tukicheza naye kombolela. Baba yangu, kuli wa bandarini, akawa mpangaji wa mtoto aliyekuwa akituibia maembe mabichi yetu na kuyala na chumvi. Tukigombana mama anatoka mbio uani: "Wee, usimpige mwenye nyumba!"

Kwa hiyo sidanganyiki kwamba zamani walikuwa watakatifu. Walikuwa wanaficha. Lakini mtu anayeandikisha nyumba kwa jina la mtoto wa kombolela ni mtu anayejua kuna wa kumuuliza. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar ikayalegeza yale masharti, na tangu hapo hakuna aliyelazimika kuficha. Yule mtoto sasa ni mzee mwenzangu, nyumba ameiuza, pamejengwa gesti.

Nisionekane nadhani ni sisi tu. Mjukuu wangu yuko chuo, likizo hukaa kwangu na hunisomea habari za nje nikiwa nachambua mchele. Akanisomea ya Elon Musk, tajiri namba moja duniani. Oktoba 2024, kampeni za Marekani zimepamba moto, alianza kutoa dola milioni moja kila siku kwa mtu mmoja, awe kajiandikisha kupiga kura kwenye yale majimbo yenye ushindani, na awe katia saini waraka wake. Nikamwambia mjukuu, hiyo takrima, tena isiyo na hata kachumbari. Akasema bibi subiri. Walipopelekwa mahakamani kule Philadelphia, kwamba hiyo ni bahati nasibu isiyo na kibali, wakili wake akasimama akasema si bahati nasibu, washindi hawapatikani kwa bahati, wanachaguliwa. Nilicheka mpaka mchele ukamwagika. Kumbe na wao wana hitima yao ya babu!

Kwa jumla alitumia zaidi ya dola milioni 250 kumsaidia Donald Trump. Trump akashinda, na Musk, ambaye hakupigiwa kura hata moja, akapewa kazi ya kupunguza matumizi ya serikali. Kati ya walivyoviangusha ni USAID, shirika la misaada la Marekani, lililofungwa rasmi Julai mosi 2025, na sisi huku tunajua huduma ngapi za Ukimwi zilitegemea fedha zake. Juni ya mwaka huohuo wakagombana, na Musk akaandika mbele ya dunia nzima kwamba bila yeye Trump angeshindwa. Basi hapo ndipo niliposimama na ungo wangu. Masimango yale! Nimeyasikia kwa Kiswahili mara ngapi, yanasemwa chini kwa chini nyuma ya hema: bila wali wangu ungekuwa wapi. Tofauti ni kwamba wetu wa kandambili hasemi kwa sauti. Anatoa tu mikono inawishwe.

Lakini mjukuu akanisomea na ya pili, na hii ndiyo iliyonipa la kusema. Machi 30, 2025, Musk alikwenda mji unaoitwa Green Bay, jimbo la Wisconsin, akagawa hundi mbili za dola milioni moja moja, siku mbili kabla ya watu kumchagua jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo. Mtu aliyekuwa akimtaka ni Brad Schimel. Aprili mosi Schimel akashindwa na Susan Crawford kwa tofauti ya kama asilimia 10. Mjukuu akasema unaona bibi, watu wanakula na kura wanapeleka wanakotaka, kama mnavyosema nyie uswahilini.

Nikamwambia hapana. Hapo hukuona kitu. Sisi nasi tunakula na tunapeleka tunakotaka, na bado anashinda wa kandambili, kwa sababu kawapikia wote wawili. Nimewahi kupika pande mbili zinazoshindana ndani ya wiki moja na fedha ikaja kwenye begi lilelile, zipu yake imekatika kichwa, inafunguliwa kwa pini. Wale wa Wisconsin walichokuwa nacho sisi hatuna: walijua mlipaji ni nani kabla ya siku ya kura. Jina lake lilikuwa midomoni mwao. Kwa hiyo walipokwenda kwenye sanduku walikuwa wanampigia au wanamnyima yeye, si yule jaji peke yake. Najua na kwao kuna fedha zinazopita vichochoroni. Hii moja haikupita kichochoroni, na watu wakaijibu.

Sasa na sisi tunajua sana kufanya hivyo, Mhariri, ila tunafanya kwenye harusi. Nilipomwoza binti yangu wa mwisho mwaka 2019 tulikuwa na kamati, mwenyekiti, mweka hazina, na daftari la michango. Jina, ahadi, alichotoa, baki. Siku ya kuvunja kamati daftari likasomwa mbele ya watu wote, ukurasa kwa ukurasa. Kuna shemeji yangu aliahidi Sh100,000 akatoa 20,000, mpaka leo akija Ngamiani anapita njia ya msikitini asipite mlangoni kwangu. Tumemwozesha mtoto wa mpishi na kila shilingi ikajulikana imetoka kwa nani. Mbunge anakwenda kutusemea bungeni miaka mitano, kodi, ardhi, bandari, na hatujui kachangiwa na nani.

Sheria ya 2010 inataka hesabu zipelekwe kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Vizuri. Lakini mimi sijawahi kuziona mtaani kwangu. Majina ya wapiga kura yanabandikwa, langu nalikuta pale na picha yangu mbaya. Basi pembeni yake, kwenye ukuta huohuo wa ofisi ya serikali ya mtaa, kibandikwe kikaratasi cha wachangiaji wa kila mgombea wa jimbo na kata: jina, kiasi, na anafanya biashara gani. Na kibandikwe kabla ya siku ya kura. Kumtajia mtu aliyelipia pilau baada ya kiti kukaliwa ni kumwonyesha mwizi akiwa ameshavuka mto.

Mjukuu kanipinga, na nitakuwa mwongo nikilificha. Anasema mfanyabiashara mdogo atakayeonekana kachangia upande usiopendwa ataletewa watu wa kodi asubuhi. Hilo ni kweli, na sina dawa yake yote. Nimefikiri labda kuwe na kima, chini ya hapo jina lisiandikwe, ili aliyetoa elfu mbili zake au kuku sita wake aachwe kwa amani. Wenye kujua sheria wataweka hicho kima. Mimi ninayemtafuta ni wa kilo 80.

Nami nimeanza kwangu. Daftari langu la oda la mwaka huu nimelipiga mstari nikaongeza safu mpya: mlipaji. Si aliyetumwa, mlipaji. Juzi Jumatatu kaja kijana, anataka pilau ya watu mia tatu Jumamosi hii, mchele wa Kyela, na hakupatana. Nikamwambia nitajie jina la mwenye fedha niandike. Akasema andika "marafiki wa mgombea". Nikamwambia marafiki wana majina, hata wangu wana majina. Akasema basi andika la mgombea. Nikamuuliza, mgombea kaambiwa bei gani? Hajui. Akacheka kidogo, akaniambia, mama wewe una nini mwaka huu, akasema anakwenda kuuliza.

Leo Alhamisi hajarudi. Kuni nimeshaagiza, za mkaratusi, zimeshushwa mlangoni jana jioni, na mwenye mkokoteni anadai fedha yake.

Wako,
Mpishi wa shughuli,
Ngamiani, Tanga